Mwongozo kamili: jinsi ya kuanzisha makumbusho ya kanisa kwenye parokia yenu bila kusubiri mfadhili

Parokia nyingi za kwetu sasa hivi zinafikisha jubilei ya miaka mia, nyingine zimeshapita hapo zamani, na kila jubilei mambo ni yale yale: sare za kitenge, keki, ng'ombe wanachinjwa, askofu anakuja, mtu anasoma historia ya parokia kurasa mbili zimejaa majina ya mapadre wazungu na miaka waliyokaa, watu wanapiga makofi, wanakula, wanaondoka. Alafu nyuma ya sakristia kuna sanduku la bati lina kasula (mavazi ya padre ya misa) zimeliwa na nondo, rejista ya ubatizo ya enzi ya Mjerumani imelowa upande mmoja, na kengele ya kwanza kabisa ya misheni iko chini ya mwembe, watoto wa shule ndo wanaigonga kwa jiwe mapumziko yakiisha.

Huu mwongozo ni wa watu wanaotaka hivyo vitu vipate chumba. Nazungumza zaidi na parokia za Kikatoliki za Tanzania, ila Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani badilisheni tu majina, paroko awe mchungaji, kigango kiwe mtaa, kazi ni ile ile. Na neno langu kubwa nalisema mapema kabisa ili hata ukiishia hapa ulibebe: msianze na kabati la vioo, anzeni na daftari. Kabati bila daftari ni duka la vitu chakavu tu.

Kabla ya yote, nendeni mkaone wenzenu

Kusanyeni nauli watu wanne watano mwende Bagamoyo. Sio kwa ajili ya picha za kupost, mwende kusoma. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walihamia pale kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na makumbusho ya leo yako kwenye jengo la zamani la masista, la miaka ya 1870. Angalieni wamefanyaje: hawakujenga jumba jipya, wametumia nyumba ile ile yenye kuta nene na madirisha yanayopitisha upepo wa bahari, ndani kuna minyororo ya watumwa, kuna picha za zamani, kuna maelezo ya mji wenyewe na sio ya kanisa peke yake. Nje ndo kuzuri zaidi manake eneo zima ni makumbusho. Kuna makaburi ya wamisionari, wengi walikufa vijana kabisa kwa homa, simama usome miaka yao uone. Kuna mbuyu mkubwa ambao kipande cha mnyororo kimemezwa na shina, inasimuliwa kuna mama mmoja wa Kifaransa alikuwa anamfunga punda wake pale. Kuna mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872, ambako mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na hatimaye kuzikwa London.

Hapo kwenye mnara simameni kidogo mfikiri. Watu wote wanauita mnara wa Livingstone. Ila aliyekuja pale alikuwa maiti, waliotembea kwa miguu miezi na miezi kutoka Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, wakiwa wamembeba ni kina Chuma na Susi na wenzao, na alikuwemo kijana anaitwa Jacob Wainwright ambaye ndo alisoma sala za maziko pale walipouzika moyo wake. Sasa jiulizeni kwenye parokia yenu kina Chuma na Susi ni akina nani, manake wapo, na majina yao hayamo kwenye zile kurasa mbili za jubilei.

Mkipata nafasi vukeni Zanzibar, kanisa kuu la Anglikana Mkunazini, lililojengwa juu ya soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Mle ndani kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule kule Chitambo, na pembeni kwenye jengo la St. Monica's kuna maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa, na chini yake vile vyumba vya giza ambavyo kila mtalii anashuka kuviona. Wenzetu wa Kenya wana Rabai, karibu na Mombasa, pale ambapo Krapf aliyefika pwani mwaka 1844 na mwenzake Rebmann aliyemfuata 1846 walianzisha misheni. Jengo la kale la kanisa limekuwa makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na hilo ni somo kwamba serikali na kanisa wanaweza kukaa meza moja.

Na kama mko kanda ya ziwa basi msiende mbali, nendeni Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Pale Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na Wasukuma wenyewe wakaweka ngoma, viti vya watemi, vifaa vya waganga na vya wacheza ngoma za Bagika na Bagalu, kanisa lenyewe limejengwa kwa umbo la mduara la nyumba ya kisukuma. Kwangu mimi hii ndo makumbusho ya kanisa iliyofikiriwa vizuri kuliko zote nchini, maana haihadithii misheni tu, inahadithia watu ambao misheni iliwakuta.

Ruhusa na kamati

Hapa nitapita haraka kwa sababu kila mahali kuna utaratibu wake. Paroko kwanza, halafu halmashauri ya walei, halafu barua jimboni. Msiruke jimbo. Sheria ya Kanisa yenyewe iko upande wenu: kanuni ya 535 inataka vitabu vya zamani vya parokia vitunzwe kwa uangalifu, ya 1283 inataka orodha sahihi ya mali za kanisa, na ya 1292 inasema kitu chenye thamani ya kihistoria au ya sanaa hakiuzwi bila idhini ya Vatikani kabisa, sio ya paroko, sio ya askofu. Ipo pia barua ya Vatikani ya Agosti 2001 inayohusu kazi ya kichungaji ya makumbusho za kanisa, mkiitaja kwenye barua yenu jimboni mtaonekana mmejiandaa.

Upande wa serikali, Tanzania tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa kifupi, mali kale haitolewi nje ya nchi bila leseni, kwa hiyo yule rafiki wa parokia kutoka Ulaya anayetaka kuondoka na kinyago "kama kumbukumbu" aambiwe hapana kwa upole. Na kitu ambacho watu hawakitegemei: misalaba ya zamani ya pembe za ndovu. Misheni nyingi zinayo. Msiiweke hadharani kienyeji mkaja kuulizwa na askari wa wanyamapori, pelekeni taarifa kwa maandishi kwenye ofisi ya wanyamapori mpate utaratibu wa kuimiliki, ndipo muionyeshe.

Kamati iwe ndogo. Watu watano wanatosha: mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri, kijana wa simu na kompyuta, mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) maana hao ndo wanajua kila nyumba ina nini, katekista mkongwe, na fundi seremala. Mkiwa ishirini mtaishia kugawana posho za vikao.

Daftari

Nunueni kaunta buku nene yenye jalada gumu, kurasa zinazoshonwa na sio za springi maana za springi zinachanika na kuchomolewa. Andikeni kwa kalamu yenye wino usiofutika. Kila kitu kinachoingia kinapata namba, na namba ikishatoka haitumiki tena hata kitu kikipotea. Mtindo rahisi ni mwaka, mkwaju, namba, mfano 2025/001, 2025/002. Mstari wa kila kitu uwe na haya: kinaitwaje kwa Kiswahili na kwa kilugha cha hapo, kimetengenezwa kwa nini, ukubwa wake kwa sentimita, kimetoka wapi na nani amekileta na lini, hali yake leo (kimepasuka wapi, kina kutu wapi), kimewekwa wapi, na namba ya picha yake. Alafu acheni nafasi chini ya hadithi, hiyo nafasi iwe kubwa kuliko mnavyodhani.

Kwa nini nakazania hivi? Kwa sababu karabai ni karabai tu, kila kijiji zilikuwepo. Ila karabai ambayo katekista fulani alikuwa anaibeba usiku wa Noeli akitembea kilomita kumi na nne kwenda kigango akirudi alfajiri, hiyo ina thamani, na thamani yote iko kwenye daftari, haiko kwenye karabai. Yule aliyesimulia akifa na hamkuandika basi mmebaki na bati.

Namba yenyewe iandikwe kwenye kitu pia. Kwenye nguo shoneni kiutepe cha pamba chenye namba kwa nyuzi mbili tatu, msitumie pini maana zinaota kutu. Kwenye vitabu andika na penseli laini ndani ya jalada, sio bolpen. Vitu vya chuma na mbao fungeni kilebo cha karatasi ngumu kwa uzi wa pamba. Naona watu wengi wanabandika stika au wanaandika na makapeni moja kwa moja juu ya mbao. Stika gundi yake inakula rangi, makapeni haitoki milele.

Na fomu. Kila anayeleta kitu asaini fomu moja kati ya mbili: ametoa zawadi moja kwa moja, au ameazimisha kwa miaka kadhaa. Msichanganye. Ugomvi wote wa makumbusho ndogo unaanzia hapa, mzee analeta kiti cha babu yake kwa moyo mweupe, anafariki, watoto wanakuja na daladala kudai kiti chao, na hakuna karatasi.

Vitu gani vya kutafuta

Vya sakristia mnavijua: kalisi (kikombe cha misa), chetezo cha ubani, kasula, monstransi (chombo cha kuonyeshea Ekaristi), vitabu vya misa vya Kilatini. Hivyo vya Kilatini vingi vilitupwa stoo baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, misa ilipoanza kusomwa kwa lugha ya watu na altare zikageuzwa, kwa hiyo pekueni darini na nyuma ya makabati. Kalisi inayotumika bado iacheni itumike, iandikeni tu kwenye daftari, hakuna haja ya kuifungia kabatini.

Ila kikubwa ni vya nje ya sakristia. Chuma cha kuokea hostia. Kalibu ya matofali ya kuchoma yaliyojenga kanisa. Baiskeli ya katekista. Cherehani ya masista. Taipureta ya ofisi. Gongo la kuchezea mpira la shule ya misheni, ubao wa kuandikia, kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Sufuria la jikoni la seminari lililopikia watu mia. Kitabu cha nyimbo kilichoandikwa kwa mkono na mwalimu wa kwaya kabla hakuna fotokopi.

Kengele inastahili maneno yake. Kengele nyingi za zamani zina maandishi begani, jina la kiwanda, mji na mwaka, saa nyingine jina la mtakatifu na la aliyetoa mchango, lakini yamefunikwa na vumbi na kinyesi cha popo na macho hayasomi. Pandeni na karatasi nyepesi, ibandike juu ya maandishi, chukua penseli uilaze ubavu usugue taratibu, herufi zinatoka zenyewe moja moja. Mkishapata mji na mwaka mnaweza kufuatilia ilifikaje bandarini na ilibebwaje mpaka kwenu, na hapo ndo mtakuta kuna watu walibeba tani ya shaba mabegani kupanda mlima. Nani hao? Rudini kwenye daftari.

Kurekodi wazee

Hii kazi haisubiri chumba, ianze wiki hii. Simu ya kawaida inatosha, iweke kwenye hali ya ndege (airplane mode) usije ukapigiwa katikati, weka simu juu ya kitambaa mezani na sio mkononi, ondoa kuku na redio. Mwende wawili, mmoja aongee mmoja aandike majina jinsi yanavyoandikwa.

Usiulize "babu tueleze historia ya parokia", atakupa ile hotuba ya jubilei. Uliza kitu kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

"Babu, ile kengele ya chini ya mwembe ilikuwa inagongwa saa ngapi, na nani alikuwa na kazi hiyo?"

Hapo utasikia saa, utasikia jina, utasikia kwamba aliyechelewa alikuwa anafanywa nini, utasikia chakula walichokula siku hiyo. Muulize nani alikuwa mpishi wa mapadre, nani alifundisha katekisimu na alilipwa nini, wasichana waliokaa kwa masista kusubiri ndoa walikuwa wanafanya kazi gani, kuna mtu aliyekataa kubatizwa na kwa nini. Wanawake waulizwe na wanawake, na wakiwa peke yao, bibi hawezi kusema mbele ya mzee wake yale atakayosema jikoni.

Mwanzoni mwa rekodi asikike akisema jina lake, tarehe, na kwamba anakubali isikilizwe na watu. Mwisho mwulize kuna sehemu ya kufichwa? Ikiwepo, ifichwe kweli. Na peleka nakala kwa familia kwenye fleshi au WhatsApp, msiba ukitokea watakushukuru sana.

Rejista na karatasi

Rejista za ubatizo, ndoa na vifo ndo hazina yenyewe. Za zamani ziliandikwa Kilatini, ukurasa una safu, jina la ubatizo, wazazi, kijiji, msimamizi, padre. Sehemu za pwani utakuta watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, mzazi hajulikani, alikotoka pameandikwa kwa kukisia. Kwa mjukuu wa mtu huyo ule mstari mmoja ndo ukoo wote.

Kwa hiyo: rejista halisi haiwekwi kwenye maonyesho ikiwa wazi mwaka mzima, mwanga unafuta wino. Pigeni picha, onyesheni picha. Kupiga picha ni hivi: meza karibu na dirisha lenye kivuli, hakuna flashi, simu imefungwa juu kwenye stendi ikitazama chini moja kwa moja, kitabu kimeegemezwa pande zote na vitambaa ili uti wa mgongo usivunjike, ukurasa mmoja picha moja, na kila picha iwe na rula pembeni. Kama mna skana, karatasi ni dpi 300 (kipimo cha ukali wa picha), picha za zamani 600, ila vitabu vilivyoshonwa msivilaze kwenye skana mtavipasua. Majina ya faili yafuate namba ya daftari. Nakala ziwe tatu, mbili kwenye vifaa tofauti hapo parokiani na moja mbali, jimboni kwa mfano. Misheni ya Peramiho ilianzishwa 1898 na ikachomwa kwenye vita vya Maji Maji mwaka 1905, mwaka ule ule alipouawa Askofu Cassian Spiss, ndo ujue nyumba moja kuungua inabeba nini.

Mambo mawili yasifanyike hata mkishawishiwa: msilamineti, na msibandike seloteipu. Lamineti haitoki tena na joto lake linaharibu, seloteipu inageuka kahawia na kula karatasi. Iliyochanika iwekeni kwenye bahasha yake, andikeni, muache.

Na siri za watu. Rejista zina watoto wa nje ya ndoa, zina majina ya waliotengwa. Mimi nashauri kilicho chini ya miaka mia kisionyeshwe hadharani, ila mwenye haki yake akija ofisini apewe cha kwake.

Picha na barua zenu ziko Ulaya

Hili wengi hawalijui. Wamisionari walikuwa wanaandika kila siku na kupeleka kwao. Za Shirika la Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue karibu na Paris. Za Mapadre Weupe ziko Roma. Wabenediktini, St. Ottilien kule Bavaria. Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society), Chuo Kikuu cha Birmingham, na wale wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) waliokuwa Zanzibar, Magila na Masasi wako maktaba ya Bodleian, Oxford. Wamoraviani wa Rungwe, Herrnhut. Walutheri wa misheni ya Leipzig waliokuwa Kilimanjaro, nyaraka zao ziko Halle. Kuna pia mkusanyiko mkubwa wa picha za wamisionari uliowekwa bure mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California, andika jina la misheni yenu kwa tahajia ya kizamani ya Kijerumani utafute, wanakijiji wengine wamewaona mababu zao humo kwa mara ya kwanza.

Andikeni barua pepe fupi, muombe nakala ndogo ya kidijitali kwa matumizi ya maonyesho, mtaje miaka na mahali. Wengi wanajibu. Mkipata picha msiziweke moja kwa moja ukutani, zipelekeni kwanza kwenye jumuiya zizunguke, maana nyuma ya picha kule Ulaya pameandikwa "wavulana wa shule", na bibi mmoja hapa kwenu anawajua watatu kwa majina.

Chumba, unyevu na wadudu

Chumba kisiwe chini kabisa kunakoingia maji ya mvua na kisiwe darini kwenye joto la bati. Ukuta mnene wa zamani ni mzuri. Adui wa kwanza ni unyevu: ukipita asilimia 65 hadi 70 kwa muda, ukungu unaota. Kipima unyevu kidogo cha kidijitali ni bei ya kawaida, kinunuliwe kabla ya kabati. Pwani hamuwezi kushusha sana, ila upepo unasaidia, fungueni madirisha asubuhi, wekeni wavu, kabati likae sentimita kama kumi kutoka ukutani na lisiguse sakafu. Kiyoyozi kinachowashwa mgeni akija na kuzimwa akiondoka ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kupanda na kushuka ndo kunakopasua mbao.

Mwanga: mapazia ya marekani (kile kitambaa cha pamba) isiyotiwa rangi, iliyofuliwa mara kadhaa bila manukato. Marekani hiyo hiyo ndo mtafungia kasula na bendera. Kasula hazitundikwi kwenye henga ya waya, zinalazwa, na kwenye mkunjo mnaviringisha kitambaa ndani ili usikatike. Bendera za vyama vya kitume ziviringishwe kwenye bomba lililofunikwa marekani.

Mchwa mnawajua, angalieni kuta kila wiki. Wanaojificha ni bungua wa mbao na nondo wa nguo. Ukiona unga mpya chini ya kiti au sanamu kuna mdudu ndani anakula. Msipulizie dawa ya mende juu ya kitu. Kwa kitu kidogo cha mbao isiyopakwa rangi au cha nguo, kifungeni kwenye mfuko wa plastiki mtoe hewa, kiwekeni kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, mkitoa msifungue mfuko mpaka kesho yake. Picha, pembe, kioo na vitu vyenye rangi ya mafuta visiingie humo. Kitu kinachoingia kutoka nyumbani kwa mtu kikae chumba kingine kwanza wiki kadhaa, ndipo kichanganywe na vingine.

Kabati mpya likishapakwa rangi liachwe wazi mwezi mzima harufu iishe, maana hiyo harufu inachafua fedha na shaba.

Msisafishe sana

Kuna ugonjwa wa kung'arisha. Jubilei ikikaribia mtu anakuja na kopo la Brasso anasugua kalisi mpaka fedha ya juu inatoka, mwingine anapaka sanamu ya Bikira Maria rangi ya mafuta ya dukani, macho yanakuwa makubwa, midomo myekundu, kazi ya fundi wa miaka mia imezikwa chini ya lita moja ya buluu. Kanuni ya 1189 inasema wazi kwamba picha na sanamu zenye thamani ya ukale au sanaa hazikarabatiwi bila ruhusa ya maandishi. Isomeni mbele ya kamati. Nyinyi tumieni brashi laini na kitambaa kikavu, basi. Zaidi ya hapo muulize Makumbusho ya Taifa, wana wataalamu.

Maelezo ya ukutani na mambo mazito

Kiswahili kwanza, lugha nyingine chini yake kwa herufi ndogo zaidi. Maneno sitini hadi themanini yanatosha kwa kitu kimoja, herufi kubwa ambazo mzee asiye na miwani atasoma, na ziwe usawa wa macho ya mtu wa kawaida. Anza na mtu sio na tarehe. "Karabai hii ilibebwa na..." ni bora kuliko "Taa ya mafuta, karne ya 20".

Mambo mazito msiyakwepe. Kama misheni ilikuwa kwenye njia ya utumwa semeni, kama Mjerumani aliitumia kama kambi semeni, kama mapadre walichoma vitu vya mababu semeni pia. Kuhusu vitu vya jadi ambavyo watu walivisalimisha siku ya kubatizwa, hirizi, vibuyu, vigoda vya matambiko, nendeni kwa wazee wa ukoo kabla ya kuviweka kwenye kioo. Wengine watasema onyesheni, wengine watasema hiki kisionekane na mwanamke au mtoto, wengine watataka kirudi, na kikirudi kiandikwe kwenye daftari kuwa kimerudi. Neno "ushirikina" lisiandikwe popote kwenye lebo, mtakuwa mnamtukana bibi yake mtu mlangoni kwake.

Kufungua, hela na funguo

Fungueni siku chache lakini za uhakika. Jumapili baada ya misa ya pili na Jumamosi asubuhi, mlango ukiwa na jina na namba ya simu ya ofisi, ni bora kuliko "wazi kila siku" alafu mgeni anamtafuta mwenye ufunguo shambani. Wanafunzi wa parokia waingie bure na mwalimu wao. Wageni walipe kidogo kwa risiti, na hela iende kwenye mfuko wake sio kwenye kapu la sadaka, itanunua marekani, bahasha na kipima unyevu kingine.

Mfundisheni kijana mmoja wa kwaya na binti mmoja wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) kuongoza wageni, na wasikariri, wasome daftari.

La mwisho ambalo ndo linaua makumbusho nyingi: paroko anahamishwa. Anayekuja hajui chochote, anahitaji chumba cha kuwekea saruji. Kwa hiyo makabidhiano ya paroko yawe na ukurasa wa makumbusho, paroko anayeondoka na anayekuja watembee mle ndani na daftari mkononi, wahakiki namba baada ya namba, wasaini wote wawili na mwenyekiti wa walei, kopi moja iende jimboni. Funguo ziwe mbili, moja ofisi ya parokia na moja kwa mwenyekiti wa kamati, na zisikae kwa mtu mmoja hata kama huyo mtu ndo aliyeanzisha yote.